Fundi Aliyebomoa Makabati Yake Mwenyewe

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Hatulii atakabidhi funguo za ghala la sarafu na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia makumbusho yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa amesisitiza zitajwe. Kamati ya sherehe ilipoandika "miaka thelathini na minne na ushei", aliirudisha rasimu akiwa amelipigia mstari neno "ushei" mara mbili.

Aliyewahi kufanya naye kazi hahitaji kuelezwa jina la Hatulii lilitoka wapi. Mkutano ukizidi dakika kumi, anasimama. Akishasimama ni kiguu na njia: anachezesha bawaba za mlango, anabonyeza fremu ya dirisha, anainama kunusa kiti kipya. Ndiyo, kunusa. Hakuna kitu kinachoingia katika jengo hili bila kupita puani mwake, iwe bahasha, jalada au zulia. Mwaka juzi tulipomuaga mhasibu, aliinusa hata keki, akatangaza mbele ya wageni kwamba keki haina neno ila sanduku lake limebandikwa kwa gundi mbaya.

Mimi ndiye mwandika orodha wa ghala hilo. Nimekuwa naye kwa miaka ishirini na sita, na nimeombwa nieleze kazi zake. Nitaeleza, lakini nianzie alikoanzia yeye, kwenye mlango wa choo.

Aliletwa kurekebisha mlango wa choo cha wageni uliokuwa umevimba kwa mvua. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Siku ya pili, akitafuta mahali pa kuchomeka randa yake ya umeme, aliingia chumba cha chini ambamo sarafu zilikuwa zimehifadhiwa, kama neno "kuhifadhiwa" linafaa hapo. Zilikuwa ndani ya makopo ya biskuti, soksi, bahasha kuukuu za mishahara, na vifurushi vilivyofungwa kwa rababendi ambazo zilishayeyuka na kuganda kama ulimbo. Alipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni, akasema, "Bosi, zile sarafu zako zinalala vibaya." Akapewa mkataba wa miezi mitatu kuzitafutia malazi.

Miezi mitatu ikawa miaka miwili. Alitengeneza makabati manane, kila moja likiwa na droo arobaini. Mbao ngumu nyekundu alizichagua mwenyewe, ubao kwa ubao. Chini ya kila droo aliweka plaiwudi, juu yake akatandika kitambaa kizito cha sufu ya kijani, akakibandika kwa gundi, kisha kabati zima akalipaka vanishi mikono mitatu. Maseremala wenzake walikuwa wakija kushuhudia jambo moja: ukisukuma droo ndani, ya chini yake ilijisogeza nje kidogo yenyewe, ikisukumwa na hewa iliyokosa pa kutokea. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha ukucha. Nilipoajiriwa, nilionyeshwa makabati hayo kabla ya kuonyeshwa meza yangu. Kwenye kabati la kwanza palikuwa na bamba dogo la shaba lenye jina lake, na nilimwona akilifuta kwa kiwiko kila alipopita akidhani hatazamwi.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mliokuja baadaye mmesikia vipande vipande tu, na vingine vimepindishwa.

Miaka kumi na sita iliyopita, asubuhi ya Jumanne, nilifungua droo moja ya kabati la pili kutafuta sarafu mbili za kale za madini ya risasi. Nilizikuta zimevaa unga mweupe. Nikadhani ni chokaa iliyodondoka kutoka darini. Nilipopuliza, uso wa mfalme uliruka pamoja na unga.

Nilifungua droo ya chini yake, halafu ya chini yake tena. Sarafu za fedha zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Za shaba zilikuwa na vidonda vya kijani. Katika kabati la nne tulikuwa na albamu nene tuliyopewa na familia ya daktari mmoja, yenye kurasa za mifuko laini ya plastiki. Humo sarafu zilikuwa zimenata kwenye mifuko yake, zikitoa ute wa kijani kama kamasi. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimefungua droo zaidi ya mia moja. Vipande hivyo vilikuwa vimepita mikononi mwa watu kwa mamia ya miaka bila kudhurika, na sisi, tuliolipwa kuvitunza, vilikuwa vinatufia.

Mkurugenzi wa wakati ule aliunda kamati siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa katibu. Tulikuwa na hofu, na hofu ile ilitutafutia mtu upesi. Ghala lilikuwa likipigwa deki mara tatu kwa wiki kwa maji mengi na dawa kali ya kuua vijidudu. Harufu yake ilikuwa ikikuchoma macho ukiingia. Tukajiuliza: unyevu umetoka wapi, na dawa imetoka wapi? Basi kosa likamwangukia mfanyakazi wa usafi ambaye sote tunamwita Mama Deki. Alihamishiwa kufagia uwanja, akatakiwa kujieleza kwa maandishi, na kikao cha kuamua kama atabaki kazini kikapangwa baada ya wiki tano. Barua ile niliiandika mimi. Sentensi zake zilikuwa safi na nilijivunia.

Mama Deki alimpelekea Fundi barua hiyo kwenye ngazi za karakana, kwa sababu alimwamini.

"Fundi, hebu nisomee tena hapa. Labda nimeelewa vibaya."

Fundi akasoma kwa sauti. Mama Deki akaitazama ndoo yake, akasema, "Watoto wanne nimewasomesha kwa ndoo hii. Leo imekuwa adui?"

Na Fundi, kwa maelezo yake mwenyewe, akamjibu bila kufikiri: "Kwani dada, ulikuwa unamwaga maji kiasi gani?"

Mama Deki aliikunja barua, akashuka ngazi.

Swali hilo lilimkosesha Fundi raha. Wiki ile alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alianza kupigilia rafu akaiacha nusu. Alikuja kwangu mara tatu asubuhi moja kuniuliza saa ngapi, na ukutani mwa karakana yake kuna saa. Siku ya nne akaja na tochi na penseli sikioni. "Mdogo wangu," akasema, "kama ni maji ya sakafuni, droo za chini ndizo zingeumia zaidi. Twende tukaone."

Tulipita kabati moja baada ya jingine. Droo za juu, ambazo mtu hupanda kigoda kuzifikia, zilikuwa na hali ileile ya droo za chini. Katika makabati mawili zilikuwa mbaya zaidi.

Aliminya midomo. Akaanza kuzunguka chumba, akigusa kuta kwa kiganja akitafuta unyevu, mpaka akafika kwenye kona ya nyuma ya mlango. Hapo palikuwa na kopo moja la biskuti, la mwisho kati ya yale ya zamani. Ndani tuliweka nakala za ziada ambazo hazikupata nafasi kwenye makabati, kila moja ndani ya bahasha yake ya karatasi. Lilikuwa limekaa sakafuni. Kila deki ilikuwa imelipiga kwa miaka zaidi ya kumi, na kutu ilishakula kitako chake. Akalifungua, akatoa bahasha moja, akaimimina kiganjani.

Sarafu ile ilikuwa safi. Ya pili nayo ilikuwa safi. Tulimimina zote, thelathini na kitu, shaba, fedha na vipande vitatu vya risasi, na hakuna hata moja iliyokuwa na doa la kuogopesha.

Chumba kilikuwa kimoja, maji yaleyale, dawa ileile. Tofauti ilikuwa mahali zilipolala. Fundi aliligeukia kabati la kwanza, lenye bamba la shaba, akaweka pua yake kwenye ufa wa droo na kuvuta pumzi kwa muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umemshuka.

"Inanuka kama siki," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni harufu ya kazi nzuri."

Angeweza kuishia hapo, na angekuwa ameshajua. Lakini Hatulii hatulii. Alitaka uhakika ambao mtu asingeweza kuubisha kikaoni. Maktaba yetu ilikuwa na kitabu cha uhifadhi kilicholetwa na semina fulani, katika lugha asiyoisoma yeye. Nikamsomea sura moja. Kilieleza namna ya kujaribu kitu kabla ya kukiweka karibu na sarafu: unakifungia ndani ya chupa pamoja na kipande cha risasi, cha shaba na cha fedha vilivyong'arishwa, na tone la maji, unaacha mahali penye joto kwa siku ishirini na nane. Tulihesabu kwenye kalenda. Kikao kilikuwa kimebakiza siku ishirini na tisa.

Alikusanya chupa sita za jamu. Ya kwanza aliitia ubao mwekundu, ya pili plaiwudi yenye gundi, ya tatu sufu ya kijani, ya nne kipande cha ukurasa wa ile albamu laini, ya tano karatasi ya bahasha kutoka kopo la biskuti. Ya sita hakuitia kitu zaidi ya madini na tone la maji, ili tuone kama chupa yenyewe ina hatia. Risasi aliipata kwa fundi bomba, shaba kwenye waya wa umeme. Fedha alikosa, akachukua hereni ya mkewe iliyokatika. Shemeji alipopiga simu ofisini siku ya tatu, sauti yake ilisikika hadi mapokezi: "Mwambieni huyo bwana hereni yangu ya harusi si ya kutiwa kwenye chupa ya jamu!"

Chupa ziliwekwa juu ya jokofu la chumba cha chai, ambako pana joto. Wenzetu hawakuelewa. Kuna aliyedhani Fundi anatengeneza manukato, na kuna aliyeomba auziwe. Yeye hakucheka. Alikuwa akipita pale kila nusu saa, anasimama mikono nyuma, anachungulia, anaondoka, anarudi kabla chai yako haijapoa. Ilimlazimu kutozifungua, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu. Alipungua. Dirishani aliweza kumwona Mama Deki akifagia uwanja juani, na nilimwona mara nyingi akisogea mbali na dirisha hilo.

Siku ya ishirini na nane, asubuhi, tulizishusha na kuzipanga mezani. Chupa ya sita na ya tano zilikuwa kama tulivyoziacha. Katika chupa ya mbao, risasi ilikuwa nyeupe kama imeviringishwa kwenye unga wa ngano. Ya plaiwudi ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Katika ile ya sufu, hereni ya shemeji ilikuwa nyeusi. Katika ile ya albamu, waya wa shaba ulikuwa na tone la kijani likining'inia.

Fundi alivuta kiti akakaa. Katika miaka ishirini na sita nimemwona akikaa kazini kwa hiari yake mara hiyo moja.

Nilisoma tena kile kitabu na sasa nikakielewa. Mbao, hata zilizokauka, hutoa mvuke wa tindikali kidogo kidogo kwa miaka mingi, ndugu wa siki. Gundi na vanishi navyo hutoa wake. Sufu ina salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Plastiki laini hubaki laini kwa sababu imetiwa mafuta, na mafuta hayo hutoka na kuishambulia shaba. Hayo yote yangeweza kupotea hewani kama droo zingekuwa na nyufa. Fundi mbovu angeziokoa sarafu zetu. Ule ufundi ambao watu walikuja kuushangaa ndio uliozifungia pamoja na sumu.

Alisoma usoni mwangu kwamba nimelielewa hilo. "Sema tu," akaniambia.

Badala yake nilimpa ushauri ambao siuonei fahari. Ajenda ya kikao cha kesho yake niliichapa mimi. Namba mbili ilikuwa Mama Deki. Namba tano ilikuwa kumpandisha yeye kuwa Fundi Mkuu, cheo alichokisubiri kwa miaka saba. Nikamwambia tuandike kwamba tatizo ni vifaa vilivyonunuliwa. Tuseme gundi ilikuwa mbovu. Gundi ilitoka dukani.

"Gundi haikujipaka yenyewe, mdogo wangu," akajibu, akaanza kuzipanga chupa kwenye sinia ya chai.

Kesho yake aliingia na sinia hiyo kwenye ukumbi wa mikutano bila kuitwa. Mama Deki alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa nguo zake za kutokea, bahasha ya maelezo yake mapajani. Fundi aliweka chupa mezani moja moja, akieleza kila moja ina nini. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika kwenye kumbukumbu kama yalivyo, nami nayanakili hapa:

"Mama huyu hana kosa. Makabati nimetengeneza mimi. Mbao nilichagua mimi, kitambaa nilichagua mimi, vanishi nilipaka kwa mkono huu. Sikujua. Lakini kutojua kwangu kusimfukuzishe mtu kazi."

Mjumbe mmoja akauliza kama haiwezekani makabati yale yakarekebishwa, maana yanafunga vizuri mno.

"Hapo ndipo penye balaa," Fundi akasema. "Yanafunga vizuri mno."

Mkurugenzi alivua miwani. "Fundi, unajua ajenda namba tano ni ya nini?"

"Najua, bosi. Nimeiona."

"Na huoni ungesubiri?"

"Nikisubiri namba tano ipite, namba mbili itakuwa imeshapita na Mama Deki."

Namba mbili ikafutwa. Barua yangu ikaondolewa kwenye jalada, nami nikaombwa kuandika nyingine ya kumwomba radhi. Hiyo niliiandika mara sita na bado haikuwa na sentensi hata moja ya kujivunia. Namba tano iliahirishwa. Iliahirishwa kwa miaka minne, na katika miaka hiyo minne sikumsikia akiiulizia.

Baada ya kikao Fundi alimfuata Mama Deki hadi kwenye ngazi zilezile za karakana. Sikuwa karibu, lakini Mama Deki ameniruhusu nieleze. Fundi alimwambia, "Dada, siku ile nilikuuliza swali la kijinga." Naye akamjibu, "Lilikuwa la kijinga kweli. Haya, nani atakayekusaidia kuhamisha hizo droo mia tatu?"

Alisaidia yeye. Fundi alikataza mtu mwingine yeyote asiyaguse makabati. Kwa miezi mitano walitoa sarafu moja baada ya nyingine, wote wawili wamevaa glovu za pamba, Mama Deki akishika sinia na mimi nikitia alama kwenye orodha. Zilizokuwa na ute wa kijani zilioshwa kwa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ila safi isiyotiwa manukato wala mafuta. Nyingi zilipona. Vipande arobaini na kimoja havikupona. Nyuso zake zimekwenda na hazitarudi. Ukimwuliza Fundi kabati lolote lilikuwa na droo ngapi atafikiri kidogo. Ukimwuliza juu ya vile arobaini na kimoja, atakutajia kimoja kimoja.

Kisha akachukua patasi na nyundo akayabomoa makabati yake. Nilidhani angefanya haraka ili yaishe. Alifungua kila kiungo kwa upole uleule aliokuwa amekiungia, na ilichukua wiki tatu. Lile bamba la shaba alilitupa kwenye pipa la vyuma chakavu yeye mwenyewe. Mbao ndizo mabenchi mnayoyaona mapokezi, na wageni bado wanauliza ni kazi ya nani.

Makabati mliyonayo leo ni ya chuma kilichopakwa rangi ya kuchomwa tanurini, yenye matundu ya kupumua. Si mazuri kwa macho. Ndani yana trei za kadibodi isiyo na tindikali, bahasha za karatasi ya aina hiyohiyo, na kwa zile zinazotakiwa kuonekana pande zote, mifuko ya poliesta, plastiki ngumu inayolia kra-kra ukiikunja. Pembeni kuna vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, ndugu wa vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na Fundi huvikausha kila mwezi kwenye oveni ya chumba cha chai. Wanaopasha moto chakula chao humo wameshalalamika kwa maandishi mara mbili.

Amefundisha pia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wa mtaani huleta albamu zao za sarafu za nyumbani, walizorithi kwa babu au walizojikusanyia. Huwapokea akiwa amesimama. Kwanza hunusa. Ikiwa ukurasa unanuka kama pazia jipya la bafuni, huupasha moto waya wa shaba, akaugusisha kwenye kona ya plastiki, akaurudisha kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, dalili ya ile plastiki laini yenye madhara, humtazama mwenye albamu kama daktari mwenye habari mbaya na kusema, "Zitoe humu leo. Si kesho." Wapo waliotoka hapo wakikimbia. Tumehesabu familia zaidi ya mia tano zilizookoa makusanyo yao kwa namna hiyo, na mtoza ushuru mmoja mstaafu huja kila mwezi bila albamu yoyote, kuutazama tu moto.

Cheo cha Fundi Mkuu alikipata hatimaye, na tuzo ya mtumishi bora mara mbili. Alizipokea. Vyeti vyake hakuvitundika mpaka vipande vya fremu zake vilipokaa wiki nne ndani ya chupa, ili ajue zimetengenezwa kwa kitu gani.

Lazima niseme ukweli kwamba hakupata utulivu baada ya yote hayo, na mimi aliniambukiza. Watu hudhani kwamba aliyegundua kosa kubwa hupumua baadaye. Yeye alikaza mwendo. Likizo zake alizikatiza. Wiki ya mvua alikuwa anafika kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Niliwahi kumwambia kwamba makabati ya sasa yamejaribiwa, atulie. Akanijibu, "Hata yale tuliyaamini." Tangu siku hiyo nami siifungui droo yoyote bila moyo kunipiga kidogo, na kwa muda mrefu nilimlaumu kwa hilo. Sasa simlaumu.

Shemeji ameshatuma ujumbe kwa kamati. Anasema nyumba yao haina sarafu, kwa hiyo tafadhali tusimruhusu aondoke na pua yake. Mumewe amekwisha kunusa magodoro yote, na ameahidi kulibadilisha kabati la nguo. Shemeji alinunuliwa hereni mpya, ila anataka ile ya zamani.

Wiki iliyopita Fundi alikabidhi daftari la makabidhiano. Utawala ulitarajia orodha ya vifaa na funguo. Daftari lina kurasa sitini, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa penseli ya useremala: "Mambo Nisiyo na Uhakika Nayo." Rangi ya kabati la tatu, upande wa kushoto. Gundi ya lebo mpya. Sponji iliyokuja na mizani. Fulana za wageni wanaoinama sana juu ya trei. Yapo mambo mia moja na themanini na mawili. Kila moja lina tarehe aliyoanza kulitilia shaka, na pembeni nafasi tupu ya mtu mwingine kuandika.

Anayepokea daftari na funguo ni Mama Deki, ambaye kwa miaka kumi na miwili sasa ni msimamizi wa ghala. Jana niliomba nilione tena kwa ajili ya makala haya. Mstari wa mwisho wa Fundi unasema: "Kabati la sita, droo ya thelathini na moja: nimeangalia leo, ni safi. Angalieni kesho." Katika nafasi ya pembeni, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa, Mama Deki ameandika: "Nimeangalia. Safi."

Fundi, kwa niaba ya wote waliowahi kupitisha kitu puani mwako, asante. Tunakuombea siku nyingi, afya, na usingizi wa mchana ambao hujawahi kuujaribu. Nenda nyumbani kwa shemeji. Huku tunaangalia.